Nitieni Chochote

Wimbo ulikuwa umeshakamilika. Chumba cha studio kiko juu, nyuma ya majumba ya Michenzani, kuta zimezibwa kwa magodoro na kiyoyozi kimezimwa kisije kikaingia kwenye maikrofoni, kwa hiyo sote tulikuwa tumelowa jasho. Prodyuza akaupiga wimbo mwanzo hadi mwisho. Akaupiga tena. Hakuna aliyesema kitu, na wanaoijua kazi hii wanajua kwamba watu wakinyamaza namna ile, wimbo umekaa.

Kisha mimi, meneja wa mtunzi na wa prodyuza, nikatoa karatasi.

Karatasi yenyewe haina makubwa. Jina la wimbo, tarehe, majina ya waliotunga, na mbele ya kila jina nafasi ya kutia asilimia ya fungu lake katika utunzi. Jumla ifike mia, watu watie saini, basi. Ni kazi ya dakika tano, watu wanamalizia soda zao.

Mwimbaji akaandika 40 bila ya kuinua uso. Prodyuza akaandika 50, akaikata, akaandika 40. Mpiga fidla akasema yeye ameitwa kupiga, kalipwa, hakutunga kitu, akatangulia msikitini. Nikamsogezea Maalim.

Maalim ndiye aliyeandika kila neno la wimbo ule. Hata sauti ya kiitikio alikuja nayo yeye, akiivumisha puani tangu tulipomchukua bandarini Malindi. Aliitazama karatasi kidogo, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mimi nitieni chochote."

Hapo hapo adhana ya Magharibi ikaanza, watu wakainuka. Karatasi nikaitia mkobani, na mbele ya jina la Maalim pana 20 ambayo hakuna aliyeiandika. Ndiyo iliyobakia tu.

Neno lile nimekaa nalo wiki kadhaa sasa. Nimelifikiria ndani ya daladala, nimelifikiria nikikuna nazi, na nimeshawachosha nalo watu wa nyumbani.

Si kwamba hajui hesabu

Mtu wa mbali angesema: masikini, mzee wa Pemba, hajui haki zake, hajui asilimia ni nini.

Maalim kasomesha hesabu skuli ya sekondari mpaka akastaafu. Asilimia anazijua kuliko mimi, kuliko prodyuza, na kuliko mwimbaji ambaye siku ile nilimwona anahesabu kwa vidole chini ya meza.

Kilichomzuia ni haya. Na haya yake si ya kuchekwa, ina historia. Kwa miaka yote aliyotunga, utungaji wake umekwenda hivi: mtu anagonga mlango baada ya Isha, anakaribishwa, anakunywa chai, anazungukazunguka, mwisho anasema lililomleta. Kuna mtu kamwudhi. Au kuna mtu anampenda na hana njia ya kumwambia. Maalim anasikiliza, haandiki kitu. Baada ya siku mbili tatu shairi lipo, limefumbwa vizuri, linakwenda kwenye kikundi, linaimbwa harusini, na aliyekusudiwa analipata palepale alipokaa. Malipo hayakuwahi kutajwa. Hurudi kwa njia nyingine: doti ya khanga kwa mkewe, gunia la mchele, bahasha inayoachwa chini ya kikombe.

Na jina lake halikutajwa pia, kwa sababu ya msingi kabisa. Fumbo likijulikana nani kalitunga, mji mzima utajua nani alikwenda kugonga mlango wake. Kujificha kwa mtunzi ni sehemu ya ufundi wenyewe.

Sasa fikirieni kazi yangu. Nimemchukua mtu ambaye ustadi wake wote umejengwa juu ya kutokuonekana, nikamwambia aandike jina lake kamili, namba ya kitambulisho, na aseme mbele ya vijana anataka ngapi.

Kazi ya watu wasioonekana

Nikisema mimi ni meneja wa muziki, swali la kwanza ni moja siku zote: unamsimamia nani? Watu wanasubiri jina la mwimbaji. Nikijibu kwamba nawasimamia watunzi na maprodyuza, naona nuru inazimika machoni. Shangazi yangu mmoja hunitambulisha kuwa mimi ni dalali wa nyimbo. Nimeacha kumsahihisha, maana hayuko mbali na ukweli.

Meneja wa mwimbaji ana jukwaa la kuuza. Anapanga tarehe, anagombana kuhusu vipaza sauti, anapokea malipo ya awali. Mimi sina jukwaa. Watu wangu hawapandi jukwaani mwezi wa Februari wakati wa tamasha la Sauti za Busara. Wao huwa wamesimama chini na watazamaji, wakisikiliza maneno yao yakitoka kinywani mwa mtu mwingine. Ninachouza ni mistari, biti, na saini. Ninachokimbiza ni makaratasi, na hakimbizi karatasi mtu mwenye haraka.

Wasomaji wa zamani mnalijua hili, nalipita upesi: wimbo mmoja ni mali mbili. Utunzi ni mali, na rekodi ni mali nyingine. Rekodi ina namba yake, utunzi una namba yake, na mtunzi mwenyewe anatakiwa awe na namba yake inayotambulika nje. Rekodi ikiwa na namba na utunzi hauna, pesa za rekodi zinamfika aliyeipandisha mtandaoni, na pesa za utunzi zinakaa mahali zikisubiri mwenyewe. Hizo pesa zinazosubiri si hadithi. Februari 2021, mwezi uleule Spotify ilipofunguliwa Tanzania, shirika linalokusanya haki za watunzi huko Marekani, lililopo Nashville, lilitangaza kupokea kutoka kwa majukwaa ya muziki dola milioni 424 za miaka iliyopita ambazo hazikuwa zimeoanishwa na wenyewe. Si kwamba wenyewe hawakuwepo. Taarifa zao hazikukamilika.

Sisi hapa tuna sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2003, na COSOZA, jumuiya ya hakimiliki ya Zanzibar, ikazaliwa humo. Bara wana yao ya 1999. Wimbo ulioandikwa Wete, ukarekodiwa Unguja, ukaimbwa na mtu wa Dar es Salaam na kuchezwa kwenye hoteli ya Paje, unatembea ndani ya sheria mbili kabla haujatoka nje ya nchi. Mtunzi hawezi kuyafuatilia haya na huku anatunga. Ndiyo maana niko.

Kwa hili ninachukua 15 katika kila mia inayoingia. Kwengineko mameneja wa maprodyuza na watunzi huchukua hata 20. Nitarudi kwenye hiyo 15, maana imenipa tabu kuliko nilivyotarajia.

Maji ya sukari

Katika kumshawishi Maalim nilijaribu njia nyingi. Moja ilikuwa kisa cha Paris.

Mwaka 1847 mtunzi mmoja, Ernest Bourget, alikaa kwenye mkahawa wa Ambassadeurs, akaagiza maji ya sukari, akayanywa huku bendi ya pale ikipiga kazi zake. Bili ilipokuja akakataa kulipa. Mnatumia nyimbo zangu hamnilipi, na mimi nimetumia viti vyenu na maji yenu, siwalipi. Wakapelekana mahakamani, mtunzi akashinda, na mwaka 1851 ikaundwa SACEM, jumuiya ya watunzi wa Ufaransa ambayo mpaka leo inakusanya.

Nilikisimulia vizuri, nikatia chumvi kidogo kwenye kuelezea sura ya mwenye mkahawa. Maalim alicheka mpaka akavua miwani.

Kisha akauliza: "Na huyo mwenye mkahawa, walisalimiana tena?"

Sikuwa na jibu. Wanaosimulia kisa kile hawaendelei mpaka hapo, na mimi nilikuwa sijawahi kuona kwamba kuna sehemu haikusimuliwa. Kwa Maalim, hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yenyewe. Kesi ukishinda, je? Kesho yake unapita njia gani? Mji wetu una vichochoro vyembamba, watu wanapishana bega kwa bega.

Mwenye biti

Nisiwe kama namtetea mzee peke yake. Prodyuza naye ni wangu, mkataba wake uko kwenye faili hilohilo, na hapa ndipo kazi inapopata mwiba: wateja wangu wawili wanakula sahani moja.

Huyu kijana hana haya ya namba hata chembe. Miaka mitatu nyuma alikuwa akiuza biti kwa bei ya vocha. Mtu anatoa pesa, anachukua biti, wimbo ukipaa prodyuza anausikia kwenye gari la watu. Alipokuja kwangu alikuwa na neno moja: "Dada, sitaki tena kuuza. Nataka kubakia ndani." Yaani asipewe pesa ya mara moja akatoka, awe na sehemu katika utunzi na sehemu katika rekodi, kila wimbo unapochezwa naye ahesabiwe.

Na ana hoja. Wimbo ule umesimama juu ya mdundo wa kidumbak, ngoma yetu ya harusini. Alimwita mzee anayepiga sanduku, ala ya ngoma hiyo, akamrekodi na kumlipa, kisha akaukata mdundo, akaupanga upya na kuingiza besi chini yake. Ukiutoa mdundo ule, maneno ya Maalim yanabakia shairi zuri kwenye daftari. Wimbo umekuwa wimbo pale.

Nikamwuliza: mdundo wa kidumbak ni wako?

"Wa watu wote," akasema. "Lakini hawa watu wote hawakukaa usiku kucha wakiupanga."

Nilikuwa na swali jingine tayari, sikulitoa.

Kitu kimoja: maprodyuza walilitatua tatizo la jina mapema. Sikilizeni nyimbo za vijana wa huku na wa bara: sekunde za mwanzo kabisa, kabla ya mwimbaji kufungua mdomo, kuna sauti inamtaja prodyuza au studio yake. Wameitia saini ndani ya wimbo wenyewe, huwezi kuing'oa. Watunzi wetu wa tenzi walifanya hivyohivyo karne zilizopita, ila wao walisubiri mwisho: beti za kumalizia unakuta jina la mtunzi, mara nyengine na mwaka. Mwenye utenzi anajitaja mwishoni, mwenye biti anajitaja mwanzoni. Mtunzi wa taarab yuko baina yao, na hajitaji popote.

Nilifikiria kuwapa wote desturi ya watunzi wa Nashville. Kule wakikaa watunzi watatu chumbani, wimbo ukitoka hugawanywa kwa tatu, hata kama mmoja wao alichangia neno moja tu. Hakuna kupima nani katoa jasho zaidi. Niliipenda kwa sababu inawaokoa watu na aibu ya kujinadi. Lakini kule wanaokaa chumbani wamekuja kutunga. Huku kwetu chumbani wanaingia watu wa kila aina: rafiki aliyeleta chipsi, binamu mwenye studio, na mwimbaji aliyefika wimbo umeshaandikwa, ambaye anataka sehemu ya utunzi kwa sababu bila ya jina lake hautasikika. Huyo wa mwisho yupo dunia nzima. Kugawa sawasawa kungemnufaisha yeye kwanza.

Wimbo wa kilabu

Usiku mmoja nilikwama kwenye shaka kubwa zaidi, na bado haijaniachia.

Ikhwani Safaa ipo tangu 1905. Culture Musical Club tangu 1958. Katika vilabu hivi vya taarab wimbo una mtunzi wa maneno, una aliyetia muziki, lakini ukishaingia kwenye kilabu unakuwa wa kilabu. Mazoezi ya jioni, mpiga qanun anabadilisha kipande, fidla zinaongeza jibu lao, mwimbaji anakawiza neno moja na lile kawio linakuwa ndiyo sura ya wimbo. Miaka ikipita nani atasema hiki ni cha nani? Watu wanakuja harusini wanamtunza mwimbaji, noti zinatua mkononi mwake au kichwani, na mpiga ngoma aliye nyuma hasemi mbona mimi.

Nikawarudia wa zamani. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi na kampuni ya santuri ya HMV, hakwenda peke yake. Walikuwepo wenzake, kina Subeit Ambar na Mbaruk Talsam. Inasimuliwa kwamba nyimbo zao zilitoka kwenye vikao vya usiku nyumbani kwa Siti: habari za mji zinaletwa, mtu anatoa mstari, mwengine anaugeuza, wanacheka, mpaka wimbo unasimama. Ningekuwa meneja wao, ningefika na karatasi yangu saa ngapi? Baada ya mstari wa pili? Au kabla ya kucheka?

Kwa sababu najua karatasi inavyofanya. Nimeiona. Kabla haijatolewa watu ni wenzi. Ikishatolewa, kila mtu anaanza kuukumbuka mchango wake kwa ukubwa mpya. Wimbo unaofuata, mtu anatoa mstari kisha anautazama kama anayeweka kitu rehani. Prodyuza mmoja wa zamani aliniambia usoni kwamba watu wa aina yangu ndio wanaoua vikao. Sikumkubalia, na sikuweza kumkanusha.

Lakini upande wa pili pia naujua. Najua nyumba ambazo nyimbo zao zinachezwa kila siku redioni na ukumbini, na mjane anakopa dukani. Wenzi wale wazuri, waliokuwa hawataji pesa, walikuja mazikoni wote. Waliinua jeneza, wakasoma hitima, wakaondoka. Hakuna aliyemdhulumu mtu. Kila mmoja alichukua kilichopita mbele yake, na mbele ya mtunzi hakikupita kitu.

Nikiweka haya mawili mizanini, kikao na mjane, mkono wangu haujatulia mpaka leo. Ila karatasi naendelea kuitoa.

Thumni

Kilichonigeuza hakikutoka kwenye muziki.

Tulifiwa na mtu katika ukoo wetu, na baada ya siku za msiba kupita ikafika siku ya kuzungumza mirathi. Barza ilijaa. Watu walewale ambao ukiwauliza bei ya samaki waliokuuzia wanasema "toa utakacho", siku ile walikaa wakataja sehemu kwa sauti kamili. Mke thumni, yaani moja katika nane, kwa kuwa marehemu ameacha watoto, angekosa watoto ingekuwa robo. Mama sudusi, moja katika sita. Bibi mmoja mkimya, ambaye sijapata kumsikia akidai hata kikombe, aliinua mkono akasema hesabu imekosewa, yeye fungu lake ni zaidi ya hivyo. Likahesabiwa upya. Alikuwa sahihi. Hakuna aliyemwona mroho.

Nilikaa nikimtazama bibi yule, kichwani nina Maalim.

Kumbe kutaja fungu hatuna shida nalo. Shida yetu ni kulidai kwa jina la nafsi. Penye mirathi mtu hajitukuzi. Fungu limeshapangwa na asiyekuwa yeye, yeye anataja tu kilichopo. Na mengine yanakuja kwa ajili ya watoto.

Nikapanda boti kwenda Pemba, nikashuka Mkoani, gari mpaka Wete. Maalim alikuwa uwani anachambua karafuu.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea tena ile karatasi?"

"Nimeileta. Lakini kwanza nina suali la hesabu." Nikamwuliza, Mungu ampe umri mrefu, nyumba ile ingegawiwa vipi.

Hakufikiri hata kidogo. "Wazazi wangu wametangulia. Mke thumni. Zinabaki thumni saba. Nina wa kiume wawili, mafungu manne. Wa kike watatu, mafungu matatu. Mafungu saba kwa thumni saba." Akatabasamu kimwalimu. "Imekaa vizuri. Kila binti thumni, kila kijana robo."

"Na nyimbo?"

Akaacha kuchambua. "Nyimbo zina mirathi?"

Nikamweleza. Haki ya utunzi haifi na mtunzi. Kwa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki ambao Tanzania imo, haipungui miaka hamsini baada ya kufa kwake. Na kwa kuwa namjua, nikamwongeza na lile la 1988: Baraza la Kimataifa la Fiqhi lilikaa Kuwait likapitisha kwamba haki za utunzi na uvumbuzi zina thamani ya mali na zinalindwa na sheria ya dini. Hapo akanyoosha mgongo.

"Leta karatasi."

Akaisoma. Ile 20 bado ilikuwa pale. "Ishirini kwa nane," akasema, "mbili na nusu. Sasa mke wangu nimwachie mbili na nusu kwa mia? Hiyo ni zaka, si thumni!" Akacheka peke yake kwa utani wake, kisha akawa kimya, midomo inahesabu. "Andika arobaini. Inagawika kwa nane bila ya desimali."

Mimi ningeandika 50. Lakini yeye aliitaja, kwa sauti, na mkewe alikuwa dirishani anasikia.

Yaliyofuata na mwimbaji sitayasimulia, yalikuwa simu ndefu na maneno mengi. Alishuka hadi 20. Prodyuza alibakia na 40 yake, na aliposikia sababu ya Maalim alisema tu, "Mimi sina hata mke, dada, lakini sawa."

Njiani kurudi nilijiuliza kama sikumtega mzee kwa kumtajia mauti yake. Inawezekana. Mwanawe mkubwa, kwa mfano, hakulipenda jambo lenyewe: alisema pesa za muziki hazitaki. Baba yake akamjibu kwamba fungu lake lipo, atalipeleka anakojua, mirathi haimwulizi mtu kama anapenda.

Na mimi nimo wapi?

Sasa ile 15.

Mkataba wangu na Maalim, kama mikataba mingi ya kazi hii, unasema nachukua 15 kwa mia ya mapato ya kila wimbo uliosajiliwa nikiwa meneja wake. Desturi ya kazi hii ni kwamba mkataba ukimalizika, meneja huendelea kupokea kwa muda, fungu likishuka polepole mpaka liishe. Wetu haukusema kitu kuhusu mtunzi akifa. Ukiusoma kama ulivyo, nyimbo zikiendelea kuingiza, mimi naendelea kukata 15 kabla ya thumni, kabla ya mafungu saba.

Niliyetumia mirathi kumfungua mdomo, nikiisoma mirathi hiyohiyo, simo. Si mke, si mama, si binti. Naweza kuwa mdai, na deni hulipwa kabla ya kugawa. Lakini mdai anadai kazi aliyoifanya, hadai miaka hamsini ya kazi atakayoifanya mwengine.

Nimeandika kifungu kipya: mtunzi akifariki, nachukua sehemu yangu kwa mwaka mmoja wa kukabidhi mafaili kwa warithi, baada ya hapo sifuri, isipokuwa wao wenyewe waniajiri upya. Mwanasheria wangu anaona nimechanganyikiwa. Anasema hakuna meneja anayejifuta kwenye orodha yake mwenyewe, na kwamba watunzi wengine watakitaka kifungu hicho hicho. Hilo la pili ni kweli. Nina watunzi wenye umri mkubwa kuliko Maalim, na kodi ya afisi hailipwi kwa nia njema. Nikikifanyia mmoja nitawafanyia wote, na nimekwishapiga hesabu, si nzuri. Nimekiacha kifungu kwenye rasimu.

Rasimu ile nimeipeleka Wete isomwe na wote, si Maalim peke yake. Juzi alinipigia bintiye wa pili, yule anayesomesha Chake Chake. Alianza kwa salamu za nyumba nzima kama inavyopasa, akaniuliza hali ya mama, kisha akaingia kwenye ukurasa wa tatu. Alitaka kujua pesa zinapitia akaunti ya nani kabla ya kufika kwao. Alitaka kujua nani anakagua hesabu. Nikamjibu yote.

"Na daftari za baba ambazo hazijaimbwa? Zipo nyingi kabatini. Nazo zimo humu?"

Nikamwambia hazimo. Mkataba unahusu nyimbo zilizokwisha kurekodiwa na kusajiliwa.

"Basi dada," akasema, "tuandike wazi kwamba hazimo, na kwamba atakayetaka kuzifungua atazungumza na sisi kwanza. Hata awe wewe."

Nimeshakiandika.